Rufaa ya Jino la Nta

Mgeni wangu wa leo, sogea karibu nikupe machache uliyoyakosa, kisha tuendelee na wenzetu walio nami tangu nilipomzika mama.

Mimi ni mwanafunzi wa kutengeneza meno ya bandia. Au nilikuwa, maana hilo ndilo linalogombewa. Nililelewa na mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama, pamoja na bintiye ambaye mtaa mzima unamwita Pipi. Ndiyo, mwanafunzi wa meno anaitwa Pipi. Cheka tu, sisi tulicheka mpaka tukachoka. Tulisoma darasa moja, tukalala chumba kimoja, tukachonga kwenye meza moja chini ya dirisha la sebuleni.

Mtihani wa vitendo ulikuwa kuchonga gego la juu kwa nta, nyumbani, kwa mkono wako mwenyewe, na kulibandika kwenye kitako cha plasta chenye namba uliyopewa na ofisi. Jina haliandikwi. Siku ya kukabidhi nilikuwa kitandani na homa, siwezi hata kuinua kichwa, kwa hiyo Pipi alibeba kazi yake na yangu.

Matokeo yakatoka. Pipi akaongoza darasa. Mimi nikaanguka. Na mtihani ule hauna marudio. Ukianguka, unafungasha.

Nikamvaa mhadhiri koridoni, mbele ya watu, nikamwita muuaji. Hapo ndipo nilipowaacha.

Aliyeniokoa ni Waziri. Usitishike, ni waziri wa taaluma wa serikali ya wanafunzi, waziri asiye na gari wala dereva, mwenye viatu vilivyolika visigino. Alinivuta mkono mpaka nyuma ya chumba cha fotokopi.

"Dada, umemaliza kupiga kelele?"

"Bado."

"Basi malizia hapa hapa, kisha unisikilize. Kanuni za chuo zina ngazi. Kwanza unakwenda kwa mhadhiri mwenyewe, mnaongea. Mkishindwana, unakwenda kwa mkuu wa idara. Mkishindwana hapo, kamati ya rufaa. Ukiruka ngazi moja tu, wanakurudisha chini hujafungua hata mdomo."

"Nirudi kwa Koleo?"

"Kwa adabu. Na kwa haraka, kwa sababu muda wa rufaa ukipita, hata uwe na haki kiasi gani hakuna wa kukusikiliza."

Koleo ndilo jina tulilompa mhadhiri yule. Akishakukamata, hakuachii.

Nikaenda.

Ofisi yake ilinuka plasta. Ukutani kulikuwa na rafu imejaa mataya ya mfano, yote yamekenua. Yeye alikuwa anafuta kisu cha kuchongea kwa kitambaa, taratibu. Nilitegemea anitimue. Hakunitimua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa kwenye ukingo wa kiti. Yale matusi ya koridoni hakuyagusa.

"Mwalimu, nimekuja kuhusu alama yangu."

"Kazi iliyoletwa kwa namba yako nimeipa ilichostahili. Haikuonewa."

"Basi naomba niione."

"Siwezi kukuonyesha. Kazi zikishasahihishwa zinafungiwa kabatini, na ufunguo uko kwa msajili. Hata mimi sizigusi tena. Kabati lile halifunguliwi na mtu yeyote mpaka mwanafunzi akate rufaa."

"Basi nakata rufaa."

Akakiweka kisu mezani.

"Ukikata, zinatolewa zote. Za darasa zima. Umenisikia? Siyo yako peke yake."

"Unanitisha, mwalimu?"

"Nakuuliza kama umenisikia. Nyumbani kwenu wanajua umekuja hapa?"

Nywele zilinisimama. Mhadhiri na nyumbani kwetu, wapi na wapi?

"Wanajua."

"Nani hasa?"

"Mama mdogo. Na Pipi."

Akakifunika kisu kwa kile kitambaa. Kisha akavuta karatasi yangu ya rufaa, akajaza kwamba tumeongea na hatukuelewana, akatia sahihi. Nilikuja nimejiandaa kubembeleza, kulia, hata kupiga magoti kama ikibidi, na mtu ametia sahihi kama anayepokea mzigo mlangoni. Badala ya kufurahi nikaingiwa na baridi.

"Ukifika mbele ya kamati," akaniambia nikiwa nimeshashika kitasa, "hasira iache mlangoni. Utahitaji macho."

Nilitoka nikimwapiza. Niliona ni mtu anayejua ameshanimaliza, na sasa anacheza na mimi kama paka na panya.

Nyumbani nilimkuta mama mdogo kwenye cherehani. Hiyo cherehani ndiyo iliyotusomesha. Alinipokea siku tuliyotoka makaburini, akanipa kitanda chake, yeye na Pipi wakalala chini mpaka tulipopata kitanda kingine. Hajawahi kunikumbusha hilo hata siku moja.

Nilipomwambia habari za rufaa, mguu wake ukasimama kwenye kanyagio.

"Rufaa ya nini tena?"

"Mama, nimeonewa."

"Na nani amekwambia wakubwa wanashtakiwa wakakaa kimya? Utajiharibia jina bure. Acha. Tutatafuta chuo kingine."

"Chuo gani kitanichukua na alama ile?"

"Wewe akili unazo. Popote utakapotupwa utasimama. Kuna wengine wakianguka hawainuki."

"Nani hao?"

"Watu."

Akaanza kukanyaga tena. Niliangalia mkono wake. Hakuwa anasogeza kitambaa. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka palepale, uzi unajikusanya kama kidonda.

Chumbani Pipi alikuwa amejilaza, uso ukutani. Mtu aliyeongoza darasa! Tangu matokeo yatoke hakuwa amemwonyesha mtu alama yake. Wenzetu walikuja kumpongeza akajifungia bafuni. Mimi, mpumbavu wenu, nilidhani ananionea huruma.

"Dada," akasema bila kugeuka, "tuiache hii kesi."

"Tuiache? Aliyeanguka ni wewe?"

"Ukishinda, itakuwaje?"

"Nitarudi darasani."

"Na mimi?"

"Na wewe utakuwa umekaa pembeni yangu unanong'ona kama kawaida yako. Umepatwa na nini?"

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Kwa mkuu wa idara sikukaa sana. Ni mama mmoja mnene, mpole, meza yake safi kama ya mtu anayestaafu kesho. Alisoma maelezo yangu mwanzo hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Kazi yako nani aliikabidhi?"

"Mdogo wangu. Mimi nilikuwa naumwa."

"Huyu mdogo wako ndiye aliyeongoza?"

"Ndiye."

Akavua miwani.

"Mwanangu, mpaka hapa tulipo, jambo hili ni mazungumzo tu. Nikilipeleka kwenye kamati, siwezi kulirudisha. Wala wewe huwezi. Unataka kuliondoa?"

"Hapana, mama."

"Una hakika?"

"Kwa nini kila mtu ananiuliza hivyo?"

Alivaa miwani, akaandika, akanipa mkono. Kiganja chake kilibaki juu ya changu kidogo, kama watu wanavyofanya msibani. Jamani, nilikuwa nimezoea kutukanwa na kufukuzwa, lakini upole wa watu wale ulinitia hofu kuliko ukali wowote.

Kanuni inamruhusu mlalamikaji kuingia na msindikizaji. Anakaa pembeni yako, anakupa moyo, lakini haruhusiwi kusema. Nilitaka niende na Waziri. Mama mdogo akakataa katakata.

"Mtu baki wa nini? Mdogo wako atakaa nawe. Mimi nitakuwa nje."

"Mama, si ulisema niache?"

"Kama umeamua, nikuache uende peke yako kama yatima?"

Neno hilo lilinimaliza. Nikasema haya, Pipi aje.

Asubuhi ya siku yenyewe mama mdogo alitupigia nguo pasi wote wawili. Viatu vyangu alivipaka rangi yeye mwenyewe. Tulipofika, akakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha mikutano, mkoba mapajani, akaniangalia kana kwamba ananiaga kwenda ng'ambo.

"Ukiona mambo yamekuwa magumu," akasema, "we sema umesamehe. Utoke."

"Nimsamehe nani?"

"Yeyote."

Mlango ukafunguliwa.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa, na feni iliyokuwa inagonga kila ikizunguka. Mwenyekiti alikuwa mhadhiri wa sheria, mtu mzima, sauti ya chini mno hata ikabidi tuiname kumsikia. Kushoto kwake walikaa wajumbe wawili, kulia karani. Koleo alikaa upande wa pili wa meza, peke yake, na kiti kitupu pembeni yake. Hakuwa amelala vizuri, ilionekana machoni.

Katikati ya meza palikuwa na trei kubwa imefunikwa kitambaa cha kijani.

"Mlalamikaji, keti hapo. Msindikizaji, keti naye. Unafahamu kwamba huruhusiwi kuzungumza?"

Pipi akaitikia kwa kichwa. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa.

Nilikuwa nimekariri hotuba. Uonevu, chuki, namna Koleo alivyowahi kunitoa darasani, yote nilikuwa nayo kichwani. Nikafungua mdomo.

"Subiri," mwenyekiti akasema. "Kabla hatujabishania alama, mhadhiri ameiomba kamati jambo moja na tumelikubali. Karani, funua."

Kitambaa kikaondolewa.

Meno ya darasa zima yalikuwa pale, kila moja juu ya kitako chake cha plasta. Namba zilikuwa zimefunikwa kwa utepe. Kilichobaki kuonekana ni alama, kwa wino mwekundu, pembeni ya kila kitako.

"Sogea," mwenyekiti akaniambia. "Tuonyeshe jino lako."

Mtego huo, nikawaza. Koleo anataka nionekane mjinga, nishindwe kuitambua hata kazi yangu. Nikamtupia jicho. Alikuwa anaangalia meza.

Nikasogea. Na wala sikuhitaji kutafuta.

Nililiona mara moja, kama unavyomwona wa kwenu sokoni. Mimi natumia mkono wa kushoto, na mifereji ya juu ya gego lile ilikuwa imeinama kwa upande ninaouinamisha mimi. Kile kinundu kidogo cha ndani, ambacho wenzangu walikuwa wanakisahau, nilikuwa nimekirudia mpaka kidole kikatoka lengelenge. Nilikuwa nimeling'arisha kwa kipande cha soksi ya nailoni. Bado lilikuwa linang'aa. Moyo ukanijaa furaha, nikasahau hata kilichonileta.

Kisha nikasoma ile alama nyekundu pembeni ya kitako chake.

Ilikuwa ya juu kuliko zote. Na darasani kwetu hakuna asiyejua nani aliyepata alama ya juu kuliko zote.

Feni ikagonga. Ikagonga tena.

"Mlalamikaji?"

"Ni lile la pembeni!" Sauti ya Pipi ikapasuka nyuma yangu. "Lile lenye ufa kwenye mzizi! Lile ndilo lake!"

"Msindikizaji!" Kwa mara ya kwanza mwenyekiti alipaza sauti. "Neno lingine na unatoka nje."

Nikaliangalia hilo la pembeni. Lilikuwa na ufa, limezibwa vibaya, vinundu vyake vimelala kama mkate uliokaliwa. Alama yake ndiyo ile iliyonifukuzisha chuo. Na Pipi alilijua, ingawa utepe ulikuwa umefunika namba.

Nilimchukia. Niseme tu ukweli, kwa muda ule nilimchukia mpaka meno yakauma. Halafu nikamkumbuka akiwa mdogo, amelala sakafuni ili mimi nilale kitandani, akili yangu ikaanza kupiga hesabu nyingine. Nikisema hili la ufa ni langu, yameisha. Nafungasha, Pipi anabaki, na mama mdogo anaendelea kuwa na mtoto mmoja chuoni. Nikisema lile ni langu, nabaki mimi. Na nyumba ninayorudi jioni itakuwa nyumba gani?

Nilinyoosha kidole kuelekea lile la ufa. Nilitaka kusema uongo, kabisa.

Nikashindwa. Sikushindwa kwa wema, msinipe sifa nisizostahili. Nilishindwa kwa sababu lilikuwa baya. Mbele ya watu watano na feni yao, nisingeweza kusema kwa mdomo wangu kwamba kitu kile nimekichonga mimi. Na lile jingine nililitaka, kama mtu anavyomtaka mwanawe.

"Hili," nikasema. "Hili ndilo langu."

Karani akabandua utepe. Akasoma namba. Akapekua orodha yake, kisha akataja jina kamili la Pipi, jina ambalo hata sisi nyumbani tunalisikia kwenye vyeti tu.

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililoniuma. Pale mezani aliyekuwa hajui alikuwa mimi peke yangu.

"Mhadhiri," mwenyekiti akasema, "ulishuku lini?"

"Siku ya kusahihisha," Koleo akajibu. "Darasani kwangu anayechonga kwa mkono wa kushoto ni mmoja tu. Na ukigeuza kitako utaona nta ya chini imeyeyushwa mara mbili. Jino limebanduliwa likabandikwa tena."

"Mbona hukusema?"

"Kanuni inanitaka nisahihishe namba, si mtu. Sikuwa na ushahidi ila macho yangu. Na kabati halifunguliki mpaka yeye akate rufaa." Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Nilimwambia kadiri nilivyoruhusiwa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu niliyemwita muuaji!

"Binti," mwenyekiti akamgeukia Pipi, "huwezi tena kukaa upande huu. Hamia kiti kile."

Mkono wa Pipi ulishikilia kiti changu hadi dakika ya mwisho. Alizunguka meza, akakaa pembeni ya Koleo, sasa tunatazamana. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Ulibadilisha kazi ya dada yako na yako?"

"Hapana."

"Sahihi ya kukabidhi ni yako."

"Nilikabidhi boksi. Nilipewa limeshafungwa kwa gundi, sikulifungua, karani alilipokea hivyo hivyo. Mimi nilijua siku matokeo yalipotoka, nilipoona nimeongoza." Akafuta pua kwa kiganja. "Mimi sijui kuchonga, mzee. Dada anajua. Nyumbani wote wanajua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Nani alilifunga boksi?"

Pipi aliangalia mlango.

Na mimi nikaangalia mlango. Nikakumbuka siku ile ya homa, kitambaa cha maji ya baridi kwenye paji langu, na sauti juu ya kichwa changu ikiniambia nilale, nisiwaze, kazi zenu nimeshazifunga vizuri. Nilikuwa nimeibusu mikono ile.

"Hapana," nikasema. Sijui nilikuwa namwambia nani. "Mwenyekiti, naondoa rufaa. Nimesamehe. Naomba nitoke."

"Hatua hiyo tumeshaipita, binti." Alisema kwa upole, na upole wake ukanikata. "Karani, nje kuna nani?"

"Kuna mama, mzee. Anasema amewasindikiza wanawe."

"Mwite."

Nilitaka kusimama nikaukingie mlango. Karani alikuwa ameshaufungua.

Mama mdogo akaingia, mkoba kwapani, mtandio umenyooka vizuri kichwani. Mwanamke yule anamsalimia kila mtu, anasalimia hata kuku wa jirani, lakini siku hiyo hakumsalimia mtu. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Macho yake yalikwenda kwenye trei, yakaenda kwa Pipi upande ule wa meza, ndipo yakaja kwangu.

Mwenyekiti alikuwa bado hajafungua mdomo.

"Mwanangu," mama mdogo akaniuliza, "umeonyesha lipi?"